Peni moja ikizidi: madeni ya walezi Uingereza ni ya nani?

Anayepokea posho ya walezi Uingereza, fao la serikali kwa anayemhudumia mgonjwa au mlemavu, akivuka kiwango cha kipato cha kazi kinachoruhusiwa kwa peni moja, posho ya wiki hiyo haipunguzwi. Inafutika yote. Katika mwaka wa fedha 2024/25 kiwango kilikuwa pauni 151 kwa wiki na posho yenyewe pauni 81.90. Mtu aliyezidisha peni moja kila wiki, mwaka mzima, alikuwa amevuka kwa jumla ya peni 52. Deni ambalo Wizara ya Kazi na Pensheni ingemwandikia ni pauni 4,258.80.

Tangu gazeti la Guardian lilipoanza kufuatilia madeni haya mwaka 2024, hesabu hiyo imerudiwa mara nyingi, na inastahili kurudiwa. Kufikia katikati ya mwaka huo zaidi ya walezi 134,000 walikuwa wakirejesha jumla ya pauni zaidi ya milioni 250. Wapo walioandikiwa deni la zaidi ya pauni 20,000. Hawa ni watu ambao sharti la kwanza la posho yao ni kumhudumia mgonjwa au mlemavu kwa saa 35 kwa wiki au zaidi, kisha saa zinazobaki ndipo watafute kibarua.

Upande wa pili unajibu kwa kifupi: masharti waliyajua, walisaini, basi walipe. Wanaosema hivyo si watu wa roho mbaya, na hoja yao ina uzito kuliko inavyosikika.

Kwanza, posho hii haikuundwa kuwa msaada wa maskini. Haiulizi akiba ya mtu benki wala mshahara wa mwenzi wake. Mke wa tajiri anaweza kuipata, mradi anayehudumiwa anapokea fao la ulemavu linalostahili. Ilipoanza mwaka 1976 ilikusudiwa kufidia, kwa kiasi kidogo, mshahara wa mtu aliyeacha kazi ili auguze. (Kinaya ni kwamba hadi 1986 wake wa ndoa hawakuruhusiwa kuidai, kwa hoja kwamba wangekuwa nyumbani hata hivyo. Ilibidi kesi ifike Mahakama ya Ulaya huko Luxembourg ndipo mlango ufunguliwe.) Kwa mantiki ya waasisi wake, swali lilikuwa moja: mtu huyu ana kazi ya kumpatia riziki, au hana? Kiwango cha kipato ni njia ya kulijibu swali hilo, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Ukianza kuipunguza posho kidogo kidogo kadiri kipato kinavyopanda, unaunda fao la aina nyingine, lenye hesabu mpya kila wiki ambayo mshahara umebadilika. Usahili nao una thamani. Mtu anayeamka usiku mara tatu kumgeuza mgonjwa kitandani hahitaji fomu ya kurasa 30.

Pili, kuna walezi waliotii. Walikataa zamu ya Jumamosi, wakamwomba meneja asiwapandishe cheo, wakamaliza mwaka wakiwa na fedha pungufu ili tu wasivuke mstari. Ukiwasamehe waliovuka, hawa unawaambia nini? Kwangu hii ndiyo hoja ngumu zaidi ya upande ule, kuliko hata ile ya fedha za mlipakodi. Na ni kweli pia kwamba wapo wanaodanganya kwa makusudi. Hakuna fao lisilo na watu hao.

Lakini hoja nzima ya "walijua masharti" imesimama juu ya dhana kwamba aliyevuka alifanya kitu: aliongeza saa, alipata kazi ya pili, alificha malipo. Angalia jinsi mtu anavyoweza kuvuka akiwa ametulia palepale alipo.

Tumchukue mfanyakazi wa kima cha chini cha mshahara anayefanya saa 13 na nusu kwa wiki. Katika mwaka wa 2022/23 kima cha chini kwa mtu mzima kilikuwa pauni 9.50 kwa saa, kwa hiyo alipata pauni 128.25. Kiwango cha kipato kilikuwa pauni 132, hivyo yuko ndani ya sheria. Aprili 2023 kima cha chini kikapanda hadi pauni 10.42, na kiwango cha kipato kikapanda hadi pauni 139. Mwajiri ni yuleyule na saa ni zilezile, ila sasa analipwa pauni 140.67. Amezidi kwa pauni 1.67. Kwa kipato hicho hakatwi kodi ya mapato wala bima ya taifa, na tuseme hachangii pensheni wala hamlipi mtu wa kumshikia mgonjwa akiwa kazini, maana gharama hizo sheria inaruhusu zitolewe kwa sehemu. Posho mwaka ule ilikuwa pauni 76.75 kwa wiki. Asipogundua hadi mwaka uishe, anadaiwa pauni 3,991.

Hakuomba nyongeza ile, na mwajiri wake hakuwa na hiari ya kuikataa. Kima cha chini kilipandishwa na serikali, na kiwango cha kipato kilipangwa na serikali hiyohiyo, vikaanza kutumika mwezi mmoja, na havikulingana. Saa ambazo mtu wa kima cha chini angeweza kufanya bila kupoteza posho zilishuka kutoka karibu 13.9 hadi 13.3 kwa wiki, na hakuna mbunge aliyesimama kutangaza kwamba zimepunguzwa. Kuzijua kulihitaji mtu achukue tarakimu moja aigawe kwa nyingine. Ukimwambia mlezi huyu kwamba alipaswa kusoma masharti, atakujibu kwamba aliyasoma, na mwaka uliotangulia alikuwa ameyatimiza.

Haya yangekuwa kero ndogo kama kosa lingegunduliwa mapema. Wiki tatu za kuzidi ni deni la pauni 230 na ushei. Linauma, lakini mtu anapunguza nusu saa, analipa, maisha yanaendelea. Kilicholikuza hadi maelfu ni muda, na kuhusu muda wizara haina pa kujificha.

Tangu 2013 waajiri wa Uingereza wanapeleka taarifa za mishahara kwa mamlaka ya mapato kila wanapolipa. Tangu 2018 wizara ina mfumo unaochukua taarifa hizo na kutoa ishara pale kipato cha mpokeaji wa posho kinapoonekana kuvuka. Mwaka 2019, baada ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi kutoa ripoti kuhusu madeni haya, wabunge waliambiwa kwamba mfumo huo ungeyakamata mapema, kabla hayajawa makubwa. Halafu ikaja kujulikana kwamba takriban nusu tu ya ishara hizo ndizo zilizokuwa zikifanyiwa kazi. Zilizobaki zilikaa. Wizara ikaendelea kulipa, wiki baada ya wiki, fedha ambazo kompyuta yake ilikuwa imeshaonyesha huenda si halali, na siku ilipozinduka ikadai zote, hata zile za miaka ya nyuma, na mara nyingine faini ya pauni 50 juu yake.

Watetezi wa wizara wanasema watumishi hawakutosha. Sina shaka hawakutosha. Ila uhaba wa watumishi ni gharama ya kuendesha ofisi, na hapa gharama hiyo ilihamishiwa kwa mlezi, ikaongezeka kila wiki ofisi ilipochelewa. Mwajiri akikuzidishia mshahara kwa miaka minne huku mhasibu wake ana karatasi mezani inayoonyesha kosa, huenda kisheria utazirudisha, lakini hakuna atakayekuita mwizi.

Kisheria wizara ina mgongo wa kuegemea, na haifai kuuficha. Malipo yaliyozidi hurejeshwa pale mpokeaji aliposhindwa kutoa taarifa ya jambo muhimu. Mwaka 2005 Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua kwamba wajibu huo haufutiki kwa sababu ofisi nyingine ya wizara ileile tayari inajua. Katika kesi ile fao moja la mdai lilikuwa limekoma, na kukoma kwake kulipaswa kupunguza fao la pili. Wizara ndiyo iliyokuwa ikilipa yote mawili, lakini bado yeye ndiye aliyetakiwa kupeleka habari kwenye ofisi ya pili. Kwa enzi ya mafaili ya karatasi na ofisi zilizotawanyika, uamuzi huo unaeleweka: karani wa mji mmoja angejuaje kilichoandikwa na karani wa mji mwingine? Tatizo ni kuubeba vilevile hadi enzi ambayo mashine inamletea karani jibu kwenye skrini yake, na yeye haifungui.

Isitoshe, wizara hiyohiyo inaendesha Universal Credit, fao la watu wa kipato cha chini, kwa njia tofauti kabisa. Huko taarifa ya mshahara inaingia moja kwa moja kutoka mamlaka ya mapato, na fao linapungua kwa peni 55 kwa kila pauni iliyozidi. Anayeongeza pauni kumi anabaki na pauni nne na nusu mkononi, na mwezi unaofuata hesabu inarekebishwa yenyewe. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, na linawezekana ndani ya jengo lilelile.

Ila nisilipambe. Mfumo huo una majeraha yake. Unahesabu kwa mwezi, na siku ya mshahara ikiangukia mwishoni mwa wiki au sikukuu, mishahara miwili huweza kuonekana ndani ya mwezi mmoja wa hesabu na fao likaporomoka. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa iliona kwamba kukataa kurekebisha hali hiyo hakukuwa na mantiki. Anayedhani kupunguza taratibu kwa kutumia kompyuta kutamaliza malalamiko ya walezi, ambao wengi wao hufanya kazi za zamu zisizo na mshahara thabiti, aitafakari kesi ile kwanza.

Tangu Aprili 2025 mambo kadhaa yamebadilika. Kiwango kilipandishwa mwezi huo hadi pauni 196 kwa wiki na kufungamanishwa na saa 16 za kima cha chini, kwa hiyo ule mtego wa mishahara kupanda kuliko kiwango umeondolewa. Hili ni badiliko kubwa na wizara inastahili sifa. Kisha mapitio huru ya madeni haya yaliyoongozwa na Liz Sayce, mtaalamu wa haki za walemavu, yaliyotolewa Novemba 2025, yakaonyesha kwamba hata mwongozo ambao maafisa walitumia kupata wastani wa kipato kinachopanda na kushuka ulikuwa na kasoro kwa miaka mingi, na serikali ikakubali kuzipitia upya kesi za nyuma. Yaani miongoni mwa waliokuwa wakilipa madeni wamo ambao pengine hawakuwahi kudaiwa kihalali. Wale wa "walijua masharti" hawajaniambia bado mlezi alipaswa kuyajua vipi masharti ambayo wizara yenyewe iliyakosea.

Kilichobaki ni mstari wenyewe. Kwa viwango vya 2025/26, posho ikiwa pauni 83.30, kuzidisha peni moja kwa wiki mwaka mzima kulizaa deni la pauni 4,331.60. Kiwango kimepanda, na adhabu ya kukivuka imepanda nacho. Serikali inasema inachunguza uwezekano wa kupunguza posho taratibu, jambo litakalochukua miaka, na kwa sababu nilizotaja sishangai likichukua miaka.

Lipo jambo dogo ambalo halihitaji kusubiri. Deni lihesabiwe hadi siku ishara ya kipato ilipoingia kwenye mfumo wa wizara, na muda kidogo wa kuishughulikia, tuseme wiki nne. Baada ya hapo fedha zinazoendelea kutoka ziwe hasara ya wizara, isipokuwa pale inapothibitisha kwamba mpokeaji alidanganya. Mlezi bado atalipa kwa kosa lake, na waliotii hawataonekana wajinga, kwa kuwa aliyevuka hatasamehewa wiki zile za mwanzo. Najua jibu la hazina: utaratibu huo utagharimu mamilioni. Bila shaka utagharimu, katika kila mwaka ambao nusu ya ishara itaachwa bila kufunguliwa.