Wazazi wa Uskoti hawakuwa wanaficha kitu

Kila ukigusia ule mpango wa Uskoti wa kumpa kila mtoto ofisa wake, lazima mtu aseme mzazi asiye na cha kuficha anaogopa nini. Swali hilo linaniudhi kweli, maana linageuza wazazi wote kuwa watuhumiwa.

Sheria ya 2014 ilitaka kila mtoto chini ya miaka 18 awe na mtu wa kumfuatilia, akiwa mdogo ni nesi wa watoto, akianza shule ni mwalimu mkuu au mwalimu mwingine mwandamizi. Watetezi wake walikuwa na hoja nzito. Mtoto Victoria Climbié aliuawa London mwaka 2000 na uchunguzi rasmi ulioongozwa na Lord Laming ukakuta kulikuwa na nafasi zisizopungua 12 za kumuokoa, polisi wanajua hiki, hospitali wanajua kile, ustawi wa jamii nao kivyao, hakuna aliyeunganisha taarifa hizo.

Sasa angalia kipimo. Kawaida serikali inaingia kwa nguvu pale mtoto yuko hatarini kuumia vibaya, hapa kikashushwa mpaka ustawi tu, wenye vigezo 8, kimojawapo eti mtoto ajumuishwe. Unapimaje hicho? Mtoto mkimya asiyependa makundi amefeli? Na kwa kipimo hicho taarifa zingeweza kupelekwa idara nyingine bila mzazi wala mtoto kuambiwa. Fikiria mama aliyejifungua juzi, hapati usingizi, analia tu, na mtu pekee wa kumwambia ni nesi, akijua maneno yake yanaweza kusafiri si atasema yuko poa? Au binti wa miaka 15 mwenye swali la siri kwa daktari, ataenda kweli? Wakinyamaza hao, msaada unawapita, na hiyo ndiyo hasara ambayo watu hawaizungumzii kabisa.

Julai 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza, majaji wote 5 walioisikiliza kesi, walisema lengo ni halali ila vifungu vya kupeana taarifa vinavunja haki ya faragha na maisha ya familia, kifungu cha 8 cha mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu. Wakaonya pia kwamba mzazi anaweza kudhani ushauri wa ofisa huyo ni lazima wakati ni hiari, na akiukataa, kukataa kwenyewe kukachukuliwa kama dalili ya hatari!

John Swinney, wakati huo waziri wa elimu wa Uskoti, alipoutupa mpango huo 2019 wapo waliolia kwamba watoto wameachwa. Hapana, mamlaka ya kumuokoa mtoto aliye hatarini hayakuguswa. Hata kwa Victoria, Laming mwenyewe aliona sheria kwa ujumla ziko sawa, tatizo ni utekelezaji. Majeraha yalionekana, ofisi zenye uwezo wa kumuondoa pale zilikuwepo, hazikufanya kazi yake, na faili la mtoto mkimya wa nyumba nyingine lisingewaamsha.