Vipandikizi Tisa na Kijiti Kimoja

Nilipokata vipandikizi tisa vya mtini, kila kimoja kikiwa na macho manne, niliamini kwamba kazi ngumu imekwisha. Nilivichomeka katika vikopo vya mchanga, nikaviweka kivulini, na kando ya kila kimoja nikasimamisha kijiti nilichokivunja kwenye mti wa uani, kikiwa kimefungiwa karatasi yenye namba na tarehe, maana mimi ni mtu wa kumbukumbu.

Siku ya 12 macho yalifumbuka. Majani yalitoka mawili mawili, laini kama sikio la mwanambuzi, nami nikatangaza kwamba wakati wa kuvihamishia kwenye vyungu vikubwa umewadia. Mama mkwe, aliyekuwa ametutembelea, aliniuliza kwa upole kama nimeiona mizizi. Nilimjibu, kwa heshima zote, kwamba mti hautoi majani bila mizizi. Hakubishana nami, alirudi ndani.

Alichokijua yeye, nami nikakijua kwa kuchelewa, ni kwamba kipandikizi hubeba akiba ya chakula katika shina lake, na kwa akiba hiyo kinaweza kufungua majani ilhali huko chini hakuna hata uzi wa mzizi. Nilipokipindua kikopo cha kwanza, mchanga ulimwagika wote kama sukari, na mkononi nikabaki na kipande kitupu cha tawi chenye uvimbe mweupe mwishoni, mdogo kama punje ya mchele. Mwenye busara angeishia hapo. Mimi nilivipindua vyote tisa ili nipate uhakika, nikavipanda upya pamoja na vijiti vyake katika udongo mwingi wenye samadi, kisha kila asubuhi nikawa navichomoa kuvikagua.

“Mkwe wangu,” alisema mama siku ya tatu, “mti haunyanyuliwi kila asubuhi kama mtoto wa kupimwa uzito kliniki.”

Kabla ya wiki mbili kwisha, ukivibana vipandikizi kwa vidole vilibonyea kama ndizi mbivu mno, kwa kuwa udongo ule ulioloa haukuwa na mizizi ya kuunywa maji yake, ukaviozesha.

Isipokuwa namba 4. Hicho kilistawi, na safari hii nilikuwa na adabu: sikukichomoa. Wiki ya 7 nilikivuta kidogo tu, kikakaza. Nikainua chungu, nikaona mizizi myeupe ikichungulia kwenye tundu la chini. Hizo ndizo dalili nilizopaswa kuzisubiri tangu mwanzo. Nilimwita mama mkwe kwa sauti ya ushindi.

Aliinama, akalipapasa jani moja, akaigeuza karatasi iliyoning'inia shingoni mwa mti wangu, akaisoma: “Namba 4, mtini.”

“Mkwe wangu,” akasema, “huu ni mforsadi.”

Kando yake, mkavu na mnyoofu, mtini wenyewe ulikuwa umesimama ukishika zamu ya kijiti.