Mfundisheni mchoraji wa ramani kuandika futi na inchi

Chuo kinachofundisha kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta hapa Dodoma, kikamwacha mwanafunzi amalize kozi bila kujua kuandika futi na inchi kwenye programu, kinamtoa mchoraji nusu. Najua wakufunzi wengi hawatalipenda neno hili. Msimamo wao ni kwamba nchi yetu inatumia mita, michoro ya kibali cha ujenzi inapelekwa jiji kwa milimita, hati ya kiwanja inasomeka mita za mraba, basi futi za nini? Kwa kila kinachopita ofisini wako sahihi. Lakini nyumba haijengwi ofisini.

Nenda saiti yoyote ya Nzuguni, Iyumbu au Nkuhungu ukasikilize. Mbao zilizoshushwa kutoka Mafinga ni mbili kwa nne na mbili kwa sita, urefu futi kumi na mbili. Tofali ni la inchi sita au inchi tano. Misumari inchi nne, bomba nusu inchi na robo tatu, jipsam bodi futi nne kwa nane. Mlango futi tatu kwa saba, dirisha futi tano kwa tano. Cha milimita ni nondo, na vigae vya sakafu vina sentimita zake. Mwenye nyumba naye akija kwa mchoraji anasema anataka sebule ya futi kumi na sita kwa kumi na nne, na akilini anaiona kabisa, na kochi analiona limekaa wapi. Ukimwambia mita 4.88 anakutazama tu.

Kwa hiyo mchoraji anapokea futi na kuchora milimita kila siku ya kazi. Swali ni anavukaje kutoka huku kwenda kule, na hapo ndipo naumia. Wengi wanavuka kwa kichwa: futi moja ni sentimita 30, twende. Futi kumi inakuwa mita 3, wakati ni 3.048. Dirisha la futi tano linakuwa 1500 badala ya 1524. Chumba cha futi kumi na mbili kinakuwa 3600 badala ya 3658, na yule fundi wa dari ambaye angelaza bodi tatu za futi nne zikatoshana sasa analazimika kukata.

Mlango ndio unaouma kuliko vyote. Mchoraji kaambiwa futi tatu kwa saba, kaandika 900 kwa 2100. Mwashi ni mtu makini, kafuata ramani, kaacha tundu la 900, lenta, ile boriti ya zege ya juu ya mlango, kaimwaga juu ya 2100 kutoka usawa wa sakafu. Seremala yeye hakupewa ramani, alipewa oda kwa mdomo: futi tatu kwa saba. Anafika na fremu ya mninga, upana 914, urefu 2134. Haiingii. Pembeni unaweza kuchonga tofali kidogo, sawa. Juu kuna lenta, zege na nondo. Aliyewahi kukaa saiti anajua kinachofuata: ama miguu ya fremu inakatwa na mlango unapunguzwa, ama zege linagongwa kwa tindo mpaka nondo zichungulie. Yote hayo ni kwa ajili ya milimita 34 zilizopotea mezani kwa mchoraji, na atakayelaumiwa ni mwashi.

Hakuna sababu ya kukadiria. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikubaliana kwamba yadi moja ni mita 0.9144. Tangu hapo inchi ni milimita 25.4 kamili, haina mkia wa desimali unaoendelea. Futi ni 304.8, basi.

Sasa programu yenyewe. Nitazungumzia AutoCAD kwa sababu ndiyo vijana wengi wanaanzia. Ukiwa kwenye vipimo vya desimali ukaandika futi, inakataa. Ni lazima uingie UNITS, amri ya kupanga vipimo, uchague mtindo unaopokea futi na inchi: Architectural au Engineering. Hapa natumia Architectural. Futi inawekewa ritifaa, ile ile ya kwenye ng'ombe. Inchi inawekewa alama ya mtajo ("), ingawa hiyo si lazima, maana namba isiyo na alama yoyote inahesabiwa kuwa inchi. Hapo tayari kuna mtego wa kwanza: anayeandika 10 akidhani ni futi kumi amechora ukuta wa inchi kumi.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi, na sijui kwa nini hausemwi darasani siku ya kwanza. Programu inapokuonyesha futi tano, inchi sita na nusu, inaandika 5'-6 1/2", kistari baada ya futi na nafasi kabla ya nusu. Wewe ukiingiza unaandika 5'6-1/2. Kistari kimehama! Sababu ni kwamba ndani ya AutoCAD kitufe cha nafasi kinafanya kazi ya Enter. Mwanafunzi anayeiga anachokiona kwenye skrini, akaandika 5'6 kisha akagusa nafasi, programu imeshapokea futi tano na inchi sita na kuendelea na safari. Ile nusu inabaki inaning'inia kwenye amri inayofuata. Hakuna onyo lolote linalotokea. Mstari umepungua nusu inchi na hakuna aliyejua. Na ukinakili kipimo kutoka Word, angalia ritifaa isije ikawa ile iliyopinda, hiyo programu haiitambui kama futi.

Zoezi ninalolipenda kuwapa wadogo zangu linapatikana hapa hapa mjini. Dodoma tuna reli mbili. Ya zamani, waliyoijenga Wajerumani, ina upana wa mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Ya SGR, reli ya kisasa, iliyoanza kutuletea abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, ina milimita 1,435, na kipimo hicho kimetoka kwa Waingereza: futi nne, inchi nane na nusu. Ichore hiyo ya pili kwa futi. Ukiandika 4'8-1/2 kisha ukaigeuza kuwa milimita ikakupa 1435.1, umeelewa.

Kugeuza nako kuna watu kunawachanganya. Kubadili UNITS hakugeuzi mchoro, kunabadili tu namna ya kuusoma. Chumba ulichokichora 3000 kwa milimita, ukibadili kwenda Architectural, kitasomeka futi 250, kwa sababu programu sasa inaziona zile 3000 kuwa inchi. Ndivyo inavyotokea mteja aliyeko Marekani akituma ramani ya nyumba anayotaka kujenga Ilazo: imechorwa kwa inchi, ikifunguliwa ndani ya faili letu la milimita inakuwa kidoti. Dawa ipo. INSUNITS, mpangilio unaoiambia programu faili ni la kipimo gani, iwe 1 kwenye faili la inchi na 4 kwenye faili la milimita, halafu ukiingiza moja ndani ya jingine programu inazidisha yenyewe. Nimeona ofisini mtu akiikuza kwa 25 badala ya 25.4, eti inatosha. Kwa nyumba ya futi 60 hiyo ni milimita 288 zimeondoka. Ni zaidi ya upana wa ukuta!

Msimamo wangu ni huu: mchoro ubaki wa milimita, sitetei turudi kwa mkoloni. Ninachotaka ni futi iingie kwenye programu ikiwa futi na itoke ikiwa imegeuzwa na mashine, na kwenye milango na madirisha vipimo viandikwe vyote viwili. Mitindo ya vipimo ina sehemu ya kipimo cha pili. Ukiiwasha, ukachagua Architectural na kuweka kizidisho 0.03937, kando ya 2134 itatokea 7'-0" kwenye mabano. Afisa wa jiji anasoma chake, seremala anasoma chake, na ikiwa oda ya mdomo imepishana na ramani mtagundua kabla mninga haujakatwa. Wapo wanaosema inachafua mchoro. Isiwekwe kila mahali, basi, iwekwe pale ambapo watu wawili wenye tepu mbili wanakutana.

Kuna vitu havigeuzwi, na mwanafunzi aambiwe hilo pia. Bomba la nusu inchi usilichore 12.7, lile jina ni la dukani, na lile la plastiki la PPR linaloitwa nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 20. Mbao ya mbili kwa nne ikishapigwa randa hairudi kuwa mbili kwa nne. Kwa hivyo ukubwa halisi unapimwa kwa tepu au unasomwa kwenye karatasi ya kiwanda.

Kwa wakufunzi ombi langu ni dogo. Mtihani wa mwisho wa vitendo msimpe kijana karatasi yenye vipimo vya milimita vilivyokwisha kupangwa. Mpeni maelezo kama anayoyaleta mteja: vyumba vitatu vya futi kumi na mbili kwa kumi na mbili, sebule kumi na sita kwa kumi na nne, milango tatu kwa saba, tofali inchi sita, kiwanja mita 20 kwa 30. Atoe ramani ya milimita inayoweza kupelekwa kuombewa kibali, na seremala aweze kuisoma bila kupiga simu.