Mshahara Ukichelewa, Sema Kabla ya Tarehe

Tarehe 28 saa nne asubuhi fundi anaweka spana chini, anatoa simu kuangalia kama meseji ya benki imeingia. Saa sita anaangalia tena. Kufika saa tisa karakana nzima inanong'ona, na msimamizi yumo ofisini, mlango umefungwa. Kucheleweshewa watu huweza kuvumilia. Mlango ule hawausahau.

Hela hiyo mfanyakazi ameshawaahidi wengine: mwenye nyumba, mangi wa dukani, kikoba cha Jumamosi. Akijua siku tano kabla, ataenda kuomba muda na atasikilizwa. Akijua tarehe imeshapita, ameshakuwa mwongo mbele yao, na aliyemfanya mwongo ni wewe msimamizi uliyenyamaza.

Kwa Tanzania, kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri alipe siku iliyokubaliwa. Kwa hiyo usianze na "tuvumiliane", kana kwamba wanakuomba msaada. Anza kwa kukiri kuwa ni haki yao na itachelewa.

Kabla hujatoka kwa mhasibu, mbane: kipo kiasi gani, kinachokosekana kinatoka wapi, nani mwenye uamuzi, na lini atakuwa na jibu. Kisha ita watu, uso kwa uso, dakika kumi zinatosha. Meseji ya grupu la WhatsApp ije baadaye, kama kumbukumbu. Zamu ya usiku wafuate usiku wenyewe. Wakisikia getini kwa wenzao, habari itakuwa imeshatiwa chumvi. Vibarua nao usiwasahau.

Sentensi inayoharibu kila kitu ni "uongozi unalifanyia kazi, mtajulishwa." Haina mtu wala siku. Sema hivi: "Malipo ya mteja hayajaingia. Tarehe 28 tutapata nusu, sote, mimi nikiwemo. Nusu iliyobaki sina tarehe yake bado. Alhamisi saa nane mchana nitasimama hapa hapa niwaeleze nilichojibiwa." Hapo umeahidi taarifa, ambayo iko mikononi mwako. Fedha haiko. Wasimamizi wengi, kwa huruma tu, hutaja "Ijumaa" ili watu watulie. Ijumaa inapita, na tangu hapo hata ratiba ya likizo wanaitilia shaka. Alhamisi ikifika huna jipya, simama saa nane ile ile useme huna jipya.

Baada ya kikao, kaa nusu saa mahali unapoonekana. Mwenye mgonjwa nyumbani haulizi mbele za watu. Ukiamua kumtangulizia mmoja fedha, kigezo kijulikane kwa wote, matibabu kwanza kwa mfano, maana siri ya malipo haimalizi siku mbili. Na wiki hiyo kisiingie kiti kipya cha bosi, tafadhali.

Nusu ya kwanza itoke na hati ya mshahara inayoonyesha kilicholipwa na kinachodaiwa, kwa tarakimu. Makato ya NSSF yasiandikwe kana kwamba yamepelekwa wakati bado yako kwenye akaunti ya kampuni. Siku hizi mtu huangalia michango yake mwenyewe kwenye simu.