Boeotia, nchi iliyosimuliwa na mahasimu wake

Wathene wa kale walikuwa na tusi lao maalumu kwa majirani wa Boeotia, nchi ya Wagiriki iliyokuwa ng'ambo ya mlima Cithaeron: nguruwe wa Boeotia. Pindar, mshairi mkubwa na mzaliwa wa huko huko, alilitaja kama tusi la siku nyingi, na alikuwa akiandika katika karne ya 5 KK. Karne nne baadaye Cicero wa Roma bado alirudia maelezo yale yale, kwamba hewa nyepesi ya Athene inazaa watu werevu na hewa nzito ya Thebes inazaa watu wanene wenye nguvu. Juu ya tusi la ujinga likaongezwa la usaliti, kwa kuwa Thebes, mji wenye nguvu kuliko yote ya Boeotia, ulikubali kuwa upande wa Waajemi mwaka 480 KK.

Shtaka hilo la pili ni zito na halifutiki kirahisi. Mwaka 479 KK, katika vita vya Plataea kati ya Wagiriki na Waajemi, watu wa Thebes hawakupigana kama watu waliosukumwa. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anasema walipambana na Wathene kwa ari, na 300 wa watu wao bora wakafia pale. Wanaowatetea husema jiografia iliwabana: jeshi la Xerxes, mfalme wa Waajemi, likishapita njia nyembamba ya Thermopylae lilikuwa linaingia moja kwa moja kwenye tambarare za Boeotia, Wagiriki wa kusini walikuwa wakijenga ukuta mbali kule Korintho, na Thebes haikuwa na merikebu za kukimbilia kama Athene. Yote ni kweli. Lakini Thespiae na Plataea pia ni miji ya Boeotia, ilikuwa kwenye njia hiyo hiyo, na ilikataa. Thespiae ilipeleka watu 700 Thermopylae, nao wakabaki na Leonidas, mfalme wa Sparta, hadi wakafa. Miji yote miwili ikachomwa moto.

Plataea iliendelea kulipa. Ilipotekwa mwaka 427 KK, katika vita vya Sparta na Athene ambamo ilikuwa upande wa Athene, waamuzi wa Kisparta, kwa shinikizo la Thebes, waliwaleta mateka mbele mmoja mmoja na kuwauliza swali moja tu: katika vita hivi umewatendea wema gani Wasparta na washirika wao? Aliyekosa la kujibu aliuawa. Waliouawa hawakupungua 200. Anayetaka kuisafisha Thebes lazima aanzie kwenye swali hilo.

Pamoja na hayo, nadhani Boeotia imedhulumiwa na wasimulizi. Maovu mengi ya ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Athene yalipewa makazi Thebes: Oedipus aliyemuua baba na kumwoa mama, Antigone aliyefungiwa kaburini akiwa hai, Pentheus aliyeraruliwa na mama yake mwenyewe. Wathene waliketi wakaangalia balaa likitokea kwa jirani. Tena Wathene walijidai kuwa wamechipuka kutoka ardhi yao wenyewe, ilhali Thebes ilikiri katika hadithi yake kuu kwamba mwanzilishi wake, Kadmos, alikuwa mgeni kutoka Foinike, pwani ya Lebanoni ya leo, na Herodotus anawataja Wafoinike waliokuja naye kuwa ndio waliowaletea Wagiriki herufi.

Mwaka 1906, kwenye majalala ya kale ya Oxyrhynchus nchini Misri, vilipatikana vipande vya mafunjo vya kitabu cha historia ambacho mwandishi wake hajulikani. Humo mna maelezo ya namna Boeotia ilivyojitawala mnamo mwaka 395 KK. Nchi iligawanywa katika sehemu 11. Kila sehemu ilitoa jemadari mmoja, wajumbe 60 wa baraza kuu, askari wa miguu wenye silaha nzito wapatao 1,000, na wapanda farasi 100. Jumla wajumbe 660. Miji midogo mitatu, Haliartus, Lebadea na Coronea, ilikuwa sehemu moja na ilimtoa jemadari kwa zamu. Mzigo na sauti vilipimwa kwa kipimo kimoja: uliyetoa askari wengi ndiye uliyekaa na wajumbe wengi.

Sasa linganisha na Athene, mji tunaofundishwa kuuita mama wa demokrasia. Katika miaka yake ya nguvu ilitoza kodi miji mingi ya visiwani na pwani, na hakuna hata mmoja uliokuwa na kura Athene juu ya matumizi ya fedha hiyo. Mkulima wa Haliartus, mji mdogo kando ya ziwa Copais, alikuwa na mjumbe wake.

Ndiyo, palikuwa na kasoro. Maskini asiyefikia kiwango cha mali hakupiga kura Boeotia, na Athene alipiga. Thebes ilishika sehemu 4 kati ya 11, na mbili kati ya hizo zilikuwa za Plataea na vijiji vya jirani, yaani nyara. Baraza nalo lilikutana ndani ya ngome ya Thebes. Hata hivyo 4 si 6. Kwa hesabu hiyo Thebes haikuweza kuamua jambo peke yake, ililazimika kuwatafuta wengine watakaokubali.

Shirikisho hilo, baada ya kuvunjwa na Sparta na kufufuliwa upya, ndilo lililowashinda Wasparta kule Leuctra, ndani ya Boeotia, mwaka 371 KK. Miaka miwili baadaye Epaminondas, jemadari wa Thebes, alikuwa amewapa Wamesenia, waliokuwa watumwa wa Sparta kwa vizazi, mji wao wenyewe, Messene. Xenophon, Mwathene aliyeipenda Sparta, aliandika historia ya miaka hiyo bila kutaja kuanzishwa kwa mji huo, na alisimulia vita vya Leuctra bila jina la Epaminondas. Ukimya huo ndio unaonifanya niuogope mzani tuliorithi. Lakini mikono ya Thebes haikuwa safi hata wakati huo: mwaka 364 KK iliteketeza Orchomenos, mji mwingine wa Boeotia, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa.

Kwa hiyo mwaka 335 KK, Alexander, mfalme wa Makedonia, alipoibomoa Thebes na kuwauza watu wapatao 30,000, miji ya Boeotia iliyoumizwa nayo ilikuwa miongoni mwa walioshauri ibomolewe. Wengi husoma tukio hilo kama hukumu ya majirani dhidi ya mfumo mzima. Mimi sikubali. Majirani hao hao, Thebes ikiwa kifusi, hawakulivunja shirikisho. Walilihamishia Onchestos, kwenye hekalu la Poseidon, mungu wa bahari. Thebes ilipojengwa tena ilirudi baadaye kama mwanachama wa kawaida, na shirikisho likaendelea mpaka Warumi walipolivunja katika karne ya 2 KK.