Waijebu Hurudi Kwao kwa Rika, Sisi Hurudi Kila Mtu na Geti Lake

Mweka hazina wa rika la mume wangu, ambaye ni Mwijebu wa Nigeria, ametutumia ujumbe kwamba rangi ya sare ya sherehe ya mwaka huu imeshachaguliwa, bei ya kitambaa imepanda tena, na atakayechelewa kulipa atatozwa faini. Nilikasirika, kwa sababu tangu ruzuku ya petroli ilipoondolewa Nigeria mwaka 2023 jenereta yetu inakula fedha kuliko watoto, na sikuona kwa nini kitambaa kitangulie mbele ya taa. Hasira hiyo haijaniisha. Hata hivyo imenifanya niifikirie Desemba ya kwetu Kilimanjaro, sisi Wachagga tunaporudi nyumbani, na ndugu zangu wa Rombo, Machame na Marangu wataniwia radhi kwa nitakayoyasema.

Ninaishi Ijebu-Ode, mji wa Wayoruba ulio katika Jimbo la Ogun, si mbali sana na Lagos. Siku ya tatu ya Idi Kubwa mji huu hufurika wenyeji wake waliotawanyika Lagos, Abuja, London na Marekani, wakija kwenye sherehe ya Ojude Oba mbele ya mfalme wao, Awujale. Sherehe ilianzia kwa Waislamu wa karne ya 19 waliokwenda kumshukuru Awujale kwa kuwaachia uhuru wa kuabudu, lakini leo Mkristo na Mwislamu wa tumbo moja huandamana pamoja bila mtu kushangaa. Koo za wapiganaji wa zamani, ukiwamo ukoo wa Balogun Kuku, hupita juu ya farasi waliopambwa huku bunduki zikilia. Mliziona picha za mwaka 2024, za Farooq Oreagba juu ya farasi wake na sigara kubwa mkononi, nanyi mkadhani sherehe ni hiyo tu.

Kilichonivuta mimi si farasi, bali ni marika, ambayo wenyewe huyaita regberegbe. Watu waliozaliwa katika miaka inayokaribiana huwa kundi moja, wanaume kwao na wanawake kwao, na kila kundi lina jina lake, kama vile Gbobaniyi au Bobakeye, lina uongozi wake, sare yake na mfuko wake. Hakuna anayeulizwa amesoma wapi wala ana gari gani, kwa kuwa kinachomwingiza mtu humo ni mwaka wa kuzaliwa. Kwa hiyo mkurugenzi wa benki husimama mstari mmoja na fundi cherehani aliyecheza naye utotoni, wamevaa kitambaa kilekile, na sherehe ikimalizika hukaa kikao kimoja kujadili paa la shule waliyosoma wote. Utaratibu huu ulikuwa umefifia, ukafufuliwa katika utawala wa Awujale Sikiru Adetona, aliyeketi kitini tangu mwaka 1960 hadi alipofariki Julai 2025.

Sasa tazameni kurudi kwetu. Nauli za Desemba mnazijua, na foleni ya njiani mnaijua. Tunafika, kila mmoja anafungua geti lake, anawasha taa katika nyumba ambayo mlinzi ameilala kwa miezi kumi na moja, anachinja mbuzi wake, anakunywa mbege na wale wale aliokunywa nao bia Dar es Salaam, na Januari inapoingia anafunga geti. Mfongo, yaani mfereji wa maji, uliokuwa ukipita chini ya kihamba (shamba la ukoo) cha baba yangu, ambao wazee waliuzibua kwa zamu na kwa faini, umejaa majani, huku kila ukuta ukiwa na tangi lake la maji juu. Tumejenga sana, nami ninajivunia, lakini tumejenga vyumba.

Najua nitakayojibiwa. Kwanza, kwamba nimeolewa mbali nikasahau kwetu. Sijasahau. Nawaambia wakwe zangu kila siku kwamba wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933, na kwamba Tanzania mtu husafiri usiku bila kusali njia nzima. Wala simtukuzi Mwijebu kupita kiasi: nimeona watu wakikopa ili wavae, na nimeona mama mjane akinunua sare kwa ada ya shule ya mwanawe, jambo ambalo nitalipinga hata mezani kwa mama mkwe.

Pili, mtasema kwamba wenzetu wana mfalme na sisi utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Hoja hiyo ni nyepesi. Mfalme hupokea salamu. Anayekusanya fedha ni mweka hazina asiye na taji, yule yule aliyeniudhi. Isitoshe, marika hayakuwa mageni Uchaggani, kwa kuwa wazee wetu walikuwa nayo kabla ya misheni na shule kuchukua nafasi ya jando.

Tatu, mtasema kwamba Waijebu ni watu wa fedha tangu zamani. Ni kweli, waliishika njia ya biashara kati ya pwani ya Lagos na bara kwa ukali kiasi kwamba Waingereza walikuja kuwapiga vitani Imagbon mwaka 1892 ili njia hiyo ifunguke. Majirani zao Wayoruba hadi leo huwatania kwa kupenda fedha. Je, kuna Mchagga anayeweza kuusikia utani huo akadhani unamhusu mtu mwingine?

Niliwaandikia niliomaliza nao darasa la saba, tuliozaliwa miaka inayokaribiana, nikapendekeza tuchange kidogo kidogo na Desemba hii tuanze na ule mfongo, hata bila sare. Wengi walinyamaza. Mmoja aliuliza, kwa ukali kidogo, fedha hizo zitashikwa na nani katika nchi hii ambayo watu hawaaminiani. Nimemkumbusha kwamba mweka hazina wa kamati ya harusi yake alipatikana kwa jioni moja, na kwamba mimi, niliyekuwa Nigeria, nilichangia bila kuuliza.