"Nakutania tu": nani anatoa ruhusa?

Marafiki wawili hawajaonana mwezi mzima. Wa kwanza anafungua mdomo: "We bwege, kumbe bado upo?" Wa pili anamjibu kwa neno baya zaidi, kisha wanakumbatiana. Mpita njia atadhani kuna ugomvi. Lakini mmoja wao angeanza na "habari za siku nyingi, ndugu yangu mpendwa", mwenzake ndiyo kwanza angeshtuka na kujiuliza amekosa nini.

Wanaotetea utani wa matusi wana hoja nzito. Adabu nyingi ni ya watu tusiozoeana. Unayemwita bwege bila kujipanga ni yule unayejua hatakukimbia. Tena utani hubeba ukweli usiobebeka kwa njia nyingine. Kumwambia rafiki kwamba viatu vyake vinanuka kungehitaji kikao na wazee. Kwa mzaha, sentensi moja inatosha, anacheka, kesho anavifua.

Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kuhusu jamii zenye uhusiano wa utani: mtu anaruhusiwa na desturi, na pengine analazimika, kumtania mwenzake, naye mwenzake hatakiwi kukasirika. Huko mipaka ilijulikana na kila mtu. Kazini, kwenye mapenzi au katika urafiki wa ukubwani, mara nyingi desturi kama hiyo haipo. Ruhusa anaitoa anayetaniwa mwenyewe, kimyakimya, na anaweza kuifuta kimyakimya vilevile. Hapo ndipo tunapoumizana.

Niliwahi kualikwa chakula cha jioni kwa mke na mume ninaowaheshimu. Sahani zilipofika, mume akasema, "Kuleni kwa tahadhari, huyu akipika hata paka anahama nyumba." Tulicheka, na mke akacheka pia, ila alichelewa kidogo, kama mtu anayesikiliza kwanza wengine wameamua nini. Kisha akainuka kwenda kuchukua chumvi. Chumvi ilikuwa mezani.

Yule bwana si mkatili, na angeulizwa angeapa kwamba anampenda mkewe. Tatizo ni kwamba anayetania anaisikia nia yake, anayetaniwa anayasikia maneno. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha utafiti kuhusu watu waliotumiana barua pepe, nyingine za dhati, nyingine za kejeli. Waandishi walikadiria wangeeleweka kwa asilimia 78. Walieleweka kwa asilimia 56, juu kidogo tu ya kurusha shilingi. Na sasa madongo mengi tunayarusha kwa simu, bila sauti wala uso, tukitegemea kikatuni cha kucheka kifanye kazi ya macho.

Halafu kuna ile ngao: "Mbona una hasira, si nakutania tu?" Binafsi naiona mbaya kuliko tusi lenyewe. Tusi lilisema una kasoro moja. Ngao inakuongezea ya pili, kwamba hujui kucheka. Ukinyamaza umekubali, ukilalamika umeharibu mazungumzo.

Upo utani wa kazi pia, na wa michezoni ndio mkali zaidi. Muhammad Ali alimwita Joe Frazier sokwe kabla ya pambano lao la Manila mwaka 1975. Kwa Ali ilikuwa biashara, maneno yalijaza viti. Lakini Frazier ndiye aliyewahi kumsaidia Ali alipofungiwa kupigana, na kinyongo chake kilidumu miongo. Ali aliomba radhi mwaka 2001, kupitia gazeti. Frazier hakuwa na ngozi laini. Aliyapokea makonde ya Ali raundi 14 siku ile. Alichokosa ni jibu. Ali alikuwa na ulimi, yeye hakuwa nao, na watazamaji walikuwa upande wa anayechekesha.

Ndiyo maana siafiki wanaotaka tuache kabisa kutaniana; nyumba isiyo na mzaha huwa na ukimya wake mbaya. Ninachotazama ni kama mpira unarudi. Marafiki wale wa mwanzo walirudishiana. Mezani kwa yule bwana mpira ulikwenda upande mmoja tu.

Nilirudi pale miezi michache baadaye. Mume bado anatania, mke bado anacheka. Chakula kilikuwa kizuri sana, kiliagizwa hotelini.